Ndege ya Bahari Juu ya Yanonge

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari la kazi lina mstari mmoja wa jina, na jina linaloandikwa hapo ni la pilote, anayeiongoza ndege kutoka chini. Leo nimemwuliza Commandant Évariste, mkuu wa kituo chetu, kama naweza kuandika langu chini yake, hata kwa kalamu ya risasi. Akasema karatasi zilichapwa hivyo Kinshasa. Nikatoka, nikavuka barabara, nikanunua daftari langu la kurasa mia moja. Humu naandika mimi, Sikujua, fundi wa redio tangu nikiwa na miaka kumi na sita, ambaye kwenye mkataba naitwa "aide", msaidizi.

Niyaweke mambo wazi. Manati ya kurushia ndege niliyatengeneza mimi, kwa reli mbili na mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, maana yale waliyotuletea yalivunjika siku ya pili. Yangu yamerusha mara thelathini na nane bila kosa. Antena ya juu ya paa niliisimamisha mimi, mita kumi na nane, na mawasiliano yakatoka kilomita 41 yakafika 95. Lionel, pilote, mwenye diplome na miaka ishirini na saba, alishika ngazi.

Jumanne, 3 Septemba

Kuruka saa moja na dakika tano asubuhi. Kurudi saa sita kasoro robo. Petroli lita 3.1. Hakuna kitu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Hatukuruka.

Jumatatu, 9 Septemba

Ndege hii haikuzaliwa kwa ajili yetu. Ina mabawa ya mita tatu na nusu, injini ndogo ya petroli, haina rubani ndani, na inaweza kukaa angani saa saba. Ilitengenezwa kwa kulinda bahari. Kitabu chake chote kinasema bahari: chumvi, mawimbi, meli za uvuvi zinazozima taa. Mimi nina miaka arobaini na minne na sijawahi kuiona bahari. Mradi wa ulinzi wa mto ndio ulioileta huku, kwa sababu ya majambazi wanaovamia vyombo kati ya hapa na Basoko, ukaiweka kwetu Lubunga, katika uwanja wa ghala la zamani la pamba.

Shida ni kwamba mashine yake haijui mtumbwi. Kutoka mita mia tisa juu, mtumbwi wa gogo ni kama gogo tu. Kwa hiyo lazima ifundishwe: mutu akae mbele ya kompyuta, afungue picha moja moja, achore kisanduku kuzunguka kila chombo na kuandika ni kitu gani. Picha 1,140.

Lionel akasema, "Maman Siku, wewe ndiye unajua mto. Mimi ni mutoto ya Kinshasa, nitachora hata magugu."

Maana yake kazi inachosha, hakuitaka. Nimekubali.

Alhamisi, 12 Septemba

Picha 410. Macho yanawasha. Mtumbwi: kisanduku. Gogo: naliacha. Baleinière, ile mashua ndefu ya mbao ya abiria na mizigo: kisanduku. Baleinière iliyofungiwa mitumbwi ubavuni: kisanduku kimoja, maana kilichoshika kamba ni chombo kimoja, hata bandarini wanahesabu hivyo. Naenda haraka sasa, picha moja kwa sekunde ishirini.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemaliza. Tumeijaribu juu ya Yanonge, kilomita sitini chini ya hapa. Kati ya mitumbwi ishirini mashine imeona kumi na tisa. Wa ishirini ulikuwa chini ya mti.

Commandant aliinama kwenye skrini, akapiga meza kwa kiganja. "Félicitations, Lionel."

Lionel akasema, "Merci, Commandant." Akanitazama, akatazama viatu vyake.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Nimefunika manati kwa turubai.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo skrini imekuwa nyekundu mara ya kwanza. Mbele ya Yanonge, baleinière inapanda kutoka Basoko, mitumbwi sita inaiendea kutoka ukingoni. Kengele ikalia: SHAMBULIO. Commandant akaita doria kwa redio. Doria ni mashua moja ya injini, askari sita, wanakaa kilomita sita chini ya Yanonge, nyuma ya kisiwa. Walipofika hawakukuta kitu.

Nikamwambia, "Commandant, wale ni wauzaji." Kila mtu wa mto anajua. Chombo kikubwa kikipanda polepole, wauzaji wanakisubiri mbele, wanapiga kasia kwa nguvu, wanadaka kamba, wanajifunga ubavuni na kuuza samaki na kwanga, mkate wa muhogo, huku wanavutwa. Wakimaliza wanaachia, maji yanawarudisha nyumbani. Dada yangu Adèle, aliyeolewa Yanonge, anasomesha watoto watatu kwa kazi hiyo.

Commandant akajibu, "Na majambazi wanakuja wamevaa kofia ya majambazi? Wanakuja na vikapu, Mama Siku. Vikapu vilevile."

Lionel naye akasema, "Wauzaji wanakaa pale, wanaonekana. Hawa mashine inasema walipotea. Mitumbwi sita, halafu sifuri. Mutu anayeuza samaki hapotei."

Nilisema ni ukungu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nyekundu tena, mahali palepale. Mitumbwi minane, halafu sifuri. Doria haikukuta kitu. Commandant ameandika: "walikimbia".

Jumatano, 9 Oktoba

Usiku wa jana majambazi wa kweli wamevamia chombo chini ya Basoko, mbali na ndege yetu. Wamekufa wawili, mfanyabiashara wa mchele na mwanawe; inasemekana nahodha alisema ni wauzaji. Mjini hawana habari nyingine. Mwendesha toleka aliyenileta kazini asubuhi, baiskeli yake imepakwa rangi ya kijani, alisema, "Na ile nzinzi yenu ilikuwa wapi? Inaona kuku wa mama yangu, haioni bunduki." Nzinzi ni inzi. Watu wanaiita hivyo kwa mlio wake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Amri mpya kutoka juu. Mashine ikionyesha shambulio la mitumbwi mitano au zaidi, doria haiulizi tena. Inapiga risasi.

Lionel aliisoma kwa sauti mara mbili. Commandant alisaini bila kuketi.

Nimempigia Adèle nimwambie Alhamisi asitoke. Akacheka. Mimi ni mkubwa wake, ananiita yaya. "Yaya, Alhamisi ndiyo vyombo vinapita. Unataka nitoke Jumapili niuzie viboko?"

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika yote, nisije kusema baadaye kwamba sikujua.

Tuliruka saa moja na dakika ishirini. Mawingu yalikuwa chini, mita mia saba, kwa hiyo tulishuka hadi mia sita. Saa mbili na dakika nne tukawa juu ya Yanonge. Baleinière ilikuwa inapanda, kwa kipimo cha skrini kilomita 7 kwa saa, imejaa. Nikahesabu mitumbwi tisa ukingoni, imekaa kimya. Halafu yote tisa ikatoka.

Nilisema, "Wauzaji." Nilisema mara tatu, nakumbuka, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Kengele ikalia. Tisa, saba, nne, sifuri. Commandant akasema kwenye redio, "Doria, tokeni." Nukta ya doria ikaanza kusogea. Kilomita sita kwa kasi yao ni dakika tisa. Dakika tisa nilisimama nyuma ya kiti cha Lionel nimeshika mgongo wa kiti.

Skrini haina sauti. Tuliona doria ikikaribia, tukaona mitumbwi ikichomoka ubavuni mwa baleinière kama chawa kwenye nguo iliyotiwa maji moto. Watu walijirusha mtoni. Mtumbwi mmoja ulibaki ukizunguka peke yake. Picha inachelewa sekunde nne, kwa hiyo tulichokuwa tunakiona kilikuwa kimekwisha kutokea.

Lionel alisema, "Batu wanaogelea. Commandant, majambazi wangepiga nao. Hawa wanaogelea tu."

Commandant akaita doria isimame. Ikasimama.

Adèle alipiga simu saa nne. Yeye ni mzima, alikuwa upande wa pili wa chombo. Wote wametoka majini. Nicole, jirani yake, amepigwa risasi ya paja. Vikapu vyote vimekwenda na maji. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unatuangalia?" nami nikasema ndiyo, akakata.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nicole ameletwa mjini, yuko hospitali. Nimekwenda na lituma, ndizi za kuponda, kwenye sufuria. Ni mwanamke mwembamba, mkubwa kuliko nilivyodhani. Mguu umefungwa ukawa kama gogo.

"Wewe ndiye yaya ya Adèle, mwenye nzinzi?"

"Nafanya kazi pale."

"Donc uliniona."

"Nilikuona."

"Uliona minabeba nini?"

"Kutoka kule juu vitu vidogo havionekani."

"Samaki ngolo wa kukausha. Vikapu viwili. Sasa umwambie nzinzi yako ashuke Yanonge chini ya maji akanunue, niliviacha pale."

Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka na yeye akacheka, halafu akashika paja. Daktari amesema mfupa haukuguswa, ila atatembea kwa fimbo hadi Pasaka. Alikula lituma yote. Nilipokuwa naondoka akasema, "Ile mashine iko na akili ya nani?" Nikasema ya Wazungu, ya bahari. Nilitoka nikiwa nimetulia na jibu hilo.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua siku ya pili. Ripoti ya kituo inasema "tukio lisilo la kawaida, ukungu". Hakukuwa na ukungu. Amri haijafutwa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Ashukuriwe aliyeileta.

Jumatatu, 28 Oktoba

Commandant ameniita ofisini. Mradi unaongezewa mwaka, mikataba mipya itasomwa tarehe 15 Novemba. Ameniombea cheo: technicienne, fundi kamili, na badge yenye picha. "Nimewaambia Kinshasa, bila huyu mama ndege ingekuwa bado ndani ya sanduku."

Miezi kumi na minne nimengoja sentensi hiyo. Nilimwambia asante, nikaenda kukaza boliti za manati ambazo zilikuwa zimekaza.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeona.

Sikuwa natafuta kosa langu, nilikuwa natafuta la Lionel. Nilitaka kujua kwa nini mitumbwi inapotea, nikasema huyu kijana kaweka kipimo vibaya. Nikafungua picha za tarehe 17, moja kwa kila sekunde, nikazipitisha polepole. Mtumbwi unakuja: una kisanduku. Unakaribia: una kisanduku. Mwanamke anadaka kamba, mtumbwi unagusa ubavu wa baleinière, na kisanduku kinazimika. Mtumbwi upo. Mimi nauona. Mwanamke yupo, anasimama, ananyanyua kikapu. Mashine inaona baleinière tu, kisanduku kimoja kikubwa kilichopanuka kidogo.

Nilikaa hapo chai ikapoa. Halafu nikafungua picha nilizofundishia mwezi wa tisa. Zilizokuwa na mitumbwi iliyofungwa ubavuni ni 86. Katika zote 86 nimechora kisanduku kimoja. Kilichoshika kamba ni chombo kimoja. Niliandika hivyo humu humu, tarehe 12, na nilijisifu kwa kwenda haraka.

Kitabu cha mashine, ukurasa wa 212: vyombo vidogo vikienda kasi kwa kikubwa na kupotea, ina maana watu wake wamepanda juu na vyombo vyao vimeachwa au vimezamishwa. Baharini labda ni hivyo. Mashine ilikuwa inafanya kama ilivyofundishwa. Mzungu hakuifundisha kwamba anayedaka kamba anapotea. Nimeifundisha mimi. Mutu wa Kinshasa angechora visanduku kumi, maana angeona mitumbwi kumi.

Mara 86, kwa sekunde ishirini: dakika ishirini na tisa za kazi. Paja la Nicole ni hizo.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikusema.

Jumatatu, 4 Novemba

Sikusema. Lionel aliniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu vibaya. Akaniletea parasetamoli na chupa ya maji, akaviweka karibu na mkono wangu, akaenda zake. Namwona kwa jicho jingine siku hizi na halinipendezi, nilikuwa nimemzoea kwa lile la kwanza.

Nimepanga hivi: nitachora upya zile 86 kimya kimya nyumbani, niziingize tarehe 16, baada ya mikataba. Katikati kuna Alhamisi mbili tu. Novemba mvua ni nyingi. Nimehesabu mwaka jana katika daftari la hali ya hewa: Alhamisi tano za Novemba, nne zilikuwa na mvua asubuhi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Moja.

Jumanne, 12 Novemba

Mto umepanda sentimita 34 tangu mwezi uanze. Nimempigia Adèle, nimemwambia asitoke Alhamisi. "Nikisikia nzinzi nitajua," akasema, "ila Nicole amelala hospitali na watoto wake wanakula kwangu. Wakikuuliza kwa nini sikutoka, utawaambia wewe?"

Alhamisi, 14 Novemba

Anga limeamka jeupe, bila wingu moja. Nilisimama uwanjani nikilitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Tuliruka saa moja na dakika kumi. Saa mbili kasoro dakika nane, Yanonge. Baleinière inapanda, watu zaidi ya mia. Ukingoni mitumbwi kumi na moja. Ilikaa, ikakaa, nikaanza kuamini kwamba wameogopa. Ikatoka.

Commandant alikuwa na redio mkononi tayari. Kumi na moja. Tisa. Kengele. Lionel alisema, "Commandant, tungoje kidogo," na Commandant akasema, "Amri haina neno la kungoja. Doria, tokeni." Nukta ikasogea.

Nikasema, "Commandant, isimamishe."

"Mama Siku, kaa chini."

"Tazama mwendo wa chombo. Kilomita 7.2 kwa saa kabla hawajaja. Sasa 7.1. Jambazi kitu cha kwanza anazima injini, la sivyo anavutwa hadi kwenye bandari ya mji. Hiki kinaendelea."

"Labda bunduki iko kichwani mwa nahodha."

"Na wametokea mbele. Mwizi angetokea nyuma, asionwe."

"Mama, unanipa labda na mimi nina labda. Mashine inasema wamepotea. Watu wamekwisha kufa wawili kwa sababu mtu mmoja alisema ni wauzaji. Wewe unaweza kuniambia wamekwenda wapi?"

Dakika ya nne. Doria ilikuwa imekata kona ya kisiwa.

Nikamwambia. Nilisema hawakwenda popote, wamefungwa ubavuni, mashine haiwaoni kwa sababu mimi niliifundisha isiwaone, picha 86, tarehe 12 Septemba. Nilisema nilijua tangu tarehe 30. Nilisema paja la Nicole ni juu yangu.

Alinitazama. Ana macho madogo, ya mtu aliyedanganywa mara nyingi kazini. "Tangu tarehe 30. Na leo ndiyo unasema. Kwa nini nikuamini leo?"

"Kwa sababu kesho ulikuwa unipe badge."

Lionel alikuwa amekwisha kufungua picha moja ya zile 86 kwenye skrini ya pili. Aliielekezea kidole. Mitumbwi mitano ubavuni, kisanduku kimoja.

Commandant akabonyeza redio. "Doria, simameni. Msipige. Simameni." Mlio wa hewa tu. Akarudia. Nilihesabu, sina namna nyingine ya kungoja: moja hadi kumi na nne. Kwenye skrini doria ilikuwa mita mia tano kutoka kwenye chombo, na mitumbwi ilianza kuchomoka.

"Tumesimama," ikasema redio.

Nilitoka nje nikapima petroli iliyobaki kwenye mapipa.

Ijumaa, 15 Novemba

Mikataba imesomwa. Lionel: pilote, mwaka mmoja. Mimi: aide, miezi mitatu, "kwa majaribio". Badge hakuna.

Commandant akafungua daftari la kazi, akanipa kalamu yake. "Andika kosa, kwa mkono wako. Tarehe, idadi ya picha, jina." Niliandika mistari sita. Kwa hiyo jina langu limo sasa, kwenye mstari ule wa pilote. Lionel alisimama mlangoni, akasema mistari sita haitoshi, aongeze na yeye: kwamba alizipokea picha bila kuzikagua hata moja. Commandant akamwambia aende akanywe chai. Aliandika hata hivyo.

Amri imesitishwa hadi mashine ijaribiwe upya. Imesitishwa, haijafutwa. Mashine ikishindwa jaribio, amri inarudi kama ilivyokuwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Tunachora, mimi na Lionel, meza moja. Zile 86 hazitoshi, tumeongeza 300 kutoka kwenye picha za safari. Kila mtumbwi ulioshika kamba una kisanduku chake, na tumeandika neno jipya: "soko". Nachora, anakagua. Anachora, nakagua. Amechora magugu mara mbili.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Tunachora.

Jumatano, 27 Novemba

Mashine mpya iko tayari. Juu ya picha za zamani imepita 58 kati ya 60. Lakini mtoni hakuna cha kuijaribia. Tangu tarehe 14 hakuna mtumbwi unaotoka. Vyombo vinapita Yanonge, wauzaji wamekaa ukingoni na samaki wanaoza. Tumeruka mara tatu, sifuri.

Commandant anasema Kinshasa wanataka jaribio kabla ya tarehe 10 Desemba, na doria itakuwa kazini siku hiyo kwa amri ileile. Nimemwuliza: ikiwa nyekundu?

"Ikiwa nyekundu watatoka. Nitawaambia wasipige. Unajua redio zetu."

Sekunde kumi na nne. Najua.

Jumapili, 1 Desemba

Nimekwenda Yanonge kwa pikipiki, saa tatu za tope. Wauzaji walikaa nyuma ya nyumba ya Adèle, kama ishirini, wanawake na wanaume wachache. Niliwaeleza yote, visanduku na kamba. Walisikiliza vizuri. Nilipomaliza, mama mmoja akauliza, "Hiyo hamsini na nane juu ya sitini. Zile mbili ni batu gani?"

Nilisema tumeziangalia, moja ilikuwa kivuli cha wingu.

"Bon. Na wingu likija?"

Adèle alikuwa anapaka mafuta watoto wa Nicole. Akamaliza mmoja, akamvuta mwingine. "Yaya, ile ya kwanza nani aliifundisha?"

"Mimi."

"Na hii?"

"Mimi na Lionel."

"Alors Alhamisi utakuja upande mtumbwi wangu, ukae mbele. Tukikuona umekaa mbele, na sisi tutatoka."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Yule mama akasema, "Na avae nguo nyekundu, nzinzi amtambue mwalimu wake."

Jumatano, 4 Desemba

Nimemwambia Commandant. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kituo hakiwezi kunituma. Nikasema naomba ruhusa ya siku moja, mambo ya familia. Akasaini.

Lionel atakuwa kwenye skrini. Amesema ataruka mita mia nne hata wakimfukuza. Hakunitakia heri. Alinionyesha kwenye simu utabiri wa mawingu, saa kwa saa.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika Yanonge, nimekaa kwenye kizingiti cha Adèle, daftari lina maji pembeni.

Saa mbili na robo tukasikia baleinière kabla hatujaiona. Saa mbili na dakika ishirini tukasikia ndege. Kutoka chini ina sauti nyembamba, ya hasira. Sikuwahi kuisikia kutoka upande huu. Wauzaji wote walinyanyua vichwa, kisha wakanitazama mimi.

Nikapanda. Mtumbwi ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwenye skrini. Adèle nyuma na kasia, mimi mbele na vikapu vitatu vya samaki kati yetu. Mitumbwi mingine sita ikasogea ikaja karibu, ikangoja. Kushoto kwetu, kilomita sita chini, nyuma ya kisiwa, doria. Dakika tisa.

"Shika kamba ikija," akasema Adèle. "Usiipoteze. Tukiikosa tunaingia chini ya injini."

Tukatoka. Chombo kilipokuja kilikuwa ukuta, watu juu yake wanapiga kelele bei kabla hatujafika. Wimbi lake likatuinua. Kamba ikarushwa, nikaidaka kwa mikono miwili, na mtumbwi ukavutwa ukagonga ubavu wa mbao kwa kishindo nikadhani umepasuka. Mitumbwi sita ikagonga nyuma yetu mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo kisanduku kilikuwa kinazimika. Nikaanza kuhesabu. Adèle alikwisha kusimama na samaki kila mkono.

"Hizi ni za lini?" mwanamke wa juu akauliza.

"Za leo."

"Leo hii, wewe? Zinanuka Jumanne."

"Basi vuta pumzi kwa mdomo, mama, utie bei."

Mia moja. Mia mbili. Nilitazama kisiwa. Ndege ilizunguka juu yetu, ikazunguka tena, chini kweli, nikaona hata rangi ya tumbo lake. Mia nne. Dakika tisa ni sekunde mia tano na arobaini. Nilipofika mia tano na arobaini niliendelea, kwa sababu maji yamepanda na wangeweza kuchelewa. Mia sita. Mia saba. Nyuma ya kisiwa hapakutoka kitu.

"Yaya," Adèle akasema, vikapu viwili vimekwisha, "acha kutazama nyuma. Kamba inakukata mikono."

Nikatazama. Kweli ilikuwa inakata. Niliibadilisha mkono nikaendelea kushika mpaka akamaliza kuuza.